Kinywa kwa Kinywa

Longton, mwaka ule wa theluji ndefu,
nilikuwa na miaka kumi na mitano na mikono isiyotulia.
Wakaniweka chini ya Enid Colclough
kubandua sahani mbichi kwenye kalibu.

Udongo wetu nusu yake ni mfupa,
ng'ombe waliochomwa wakasagwa,
jivu jeupe linaloingia puani hadi Jumapili.
Husemwa: udongo uwahi ungali maji.
Hakuna aliyeniambia
kwamba udongo nao hukuwahi.

Jumanne moja ukingo ulinikunjika.
Kidogo tu, kama sikio la ukurasa.
Nikaulaza kwa dole gumba, nikapitisha sponji,
nikatazama kushoto, nikatazama kulia.
Ikawa sahani kama dada zake.
Hata mimi nikasahau.

Tanuri lilikuwa chupa ya matofali,
refu kuliko kanisa la mtaani.
Wanaume walipanda ngazi na makasha kichwani;
ndani, sahani zimelazwa katika unga wa gumegume
kama wagonjwa walioambiwa wasigeuke.
Vikombe vilipakwa gundi midomoni,
vikafungwa viwili viwili, kinywa kwa kinywa,
maana kikombe kikiachwa peke yake
mshikio wake hukivuta, hukivuta,
hadi mdomo unakuwa yai.
Wawili hushikana duara.
Enid alilisema hilo bila kucheka,
yeye aliyelala peke yake tangu Dunkirk.

Joto likifika kileleni
sahani si sahani tena.
Hunywea, inchi moja katika kila nane,
hulegea magoti, hukaribia kuwa asali,
hutafuta pa kuegemea.
Na kila kidole kilichowahi kuigusa
hurudi saa hiyo kudai chake.

Walipobomoa mlango, matofali yangali moto,
Enid alizipanga juu ya jiwe lililosawazishwa,
moja moja, akizigonga kwa ukucha.
Ya kumi na tisa ilicheza:
tik, tik.
Akaniita.
Hakuuliza kama ilikunjika.
Aliuliza wapi.

Nikasema labda kasha lilipinda.
Labda makaa mabaya, moto umeegemea upande.
"Hayo yapo," akasema,
"lakini hapo sahani huzama katikati
kama kitanda cha nyumba ya wageni.
Hii imenyanyua kona. Hii inakumbuka."
Akalishika dole gumba langu,
akaliweka penye ukingo ulioinuka.

Lilienea.

Sikukatwa mshahara. Niliambiwa tu
niipeleke nyumbani, kwa kuwa haiuziki,
na kwamba ukingo ukikunjika tena
nisiunyooshe: niutupe kwenye pipa la maji,
uyeyuke, usahau, uanze upya.
"Kunyoosha," akasema, "ni kuficha tu."

Baba alikuwa mchimba makaa, bega moja chini.
Sahani ile akaifanya yake.
Kila jioni njegere zilikimbilia upande mmoja,
kila jioni aliigeuza polepole, tik,
hadi mteremko ukamwelekea yeye,
akazingoja na kijiko.

Hakuniuliza chochote.
Mara moja tu, akiifuta kwa mkate,
aliuinua ukingo kwenye taa,
ukawa mwembamba kiasi cha kuonyesha kivuli cha kidole chake,
akasema, kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha:
"Hapa palikuwa na mtu."