Paisa Kumi

Ya kwanza aliyonipa Sulochana
ilikuwa na mawimbi ukingoni, kama biskuti,
nzito, ikilia juu ya meza yake ya chai
pale nje ya stesheni ya Nagpur.

Baadaye ikaja ya njano.
Kisha ya aluminiamu, nyepesi mno:
tuliilaza polepole juu ya maji ya sufuria,
ikaelea, naye akacheka,
"Serikali imetupa jani."

Ya mwisho ilikuwa ya chuma cha pua,
mviringo mtupu, kifungo cha shati.
Mawimbi yameliwa na nani?
Hata mwombaji alinirudishia.

Leo Tushar, mjukuu wake, kaisukumiza moja
chini ya mguu wa meza unaoyumba,
simba wakitazama sakafu.

Imetosha kabisa.