Ghorofa ya Tisa

Ilpo alikuja studio na funguo za jengo shingoni,
bila bendi, bila besi ya Jouko, bila ngoma.
Miaka kumi na tisa ya kelele za pamoja, wakaachana
kwa ugomvi wa pesa ya petroli, kwenye njia ya Oulu.
"Nataka albamu moja," akasema, "nyimbo tisa.
Kila wimbo ghorofa, na lifti iwe uzi."
Nikamuuliza nani atanunua lifti.
Akacheka kwa pua. Akalipia mwezi mzima, noti za mkopo.

Jengo liko Tesoma, pembeni mwa Tampere,
saruji ya kijivu, hapo alipokulia.
Baba yake, Urho, ndiye aliyekuwa fundi wa lifti ile:
mikono ya grisi, zamu za usiku,
maneno machache kama skrubu za akiba.

Januari. Jua huchungulia saa nne,
saa tisa limeshaaga.
Tulishusha maikrofoni shimoni kwa kamba ya kuanikia nguo,
tukanasa mota ikijikohoza, waya ukinung'unika,
na ule mlio kati ya ya pili na ya tatu
ambao Urho aliulaani mpaka alipostaafu.
Huo ndio tuliouweka msingi. Nyuzi za gitaa tukazikaza zifuate,
sauti isiyopatikana kwenye kinanda chochote,
chini kidogo ya wimbo, juu kidogo ya lawama.

Ya kwanza: baiskeli iliyofungwa, na mwenyewe amekufa.
Ya tatu: mjane apigaye pasi usiku wa manane
(tulirekodi pasi yenyewe; mvuke ukachukua nafasi ya matoazi).
Ya tano ilitushinda siku kumi na moja.
Ya sita ni sekunde arobaini tu: mbwa.
Ya saba niliipenda mimi, yeye akaifuta,
nami nilikuwa nimeshaiba nakala. Iko kabatini hadi leo.

Lakini ya tisa haikuja.
Kila Alhamisi, alisema, baba alibeba mkoba wa spana
akapanda hadi juu kabisa, na lifti ilikuwa nzima.
Mama aliosha vyombo kwa kuvigonga.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
siri ya lifti, nani? Urho yuko kaburini,
na Ilpo ana mistari minne ya sumu na kiitikio
alichokiimba mara sitini, mara zote uongo.
Spika hazina adabu: nilisikia koo likiigiza.

Nikamwambia, twende ukapige hodi.

Alifungua bi kizee, Raili Hentula, soksi za sufu,
akamtazama Ilpo vidole kabla ya uso.
"Wewe ndiwe yule wa gitaa," akasema.
"Baba yako alikuja hapa kulala.
Ametoka zamu, na wewe chini unaunguza amplifaya.
Saa mbili, sofa ile, viatu mlangoni.
Hakutaka kukwambia upunguze."

Tulirudi kwa miguu, theluji ikilia chini ya buti.
Hakutamka neno mpaka darajani.
Kisha: "Kesho zima kila kitu chenye taa."

Wimbo wa tisa ameupiga bila umeme,
sofani kwa Raili, kwa kidole gumba tu,
taratibu, kama mtu anayevuka chumba gizani
akijua kitandani kuna mtu.
Nimepandisha sauti hadi mwisho wake: unasikia
mvumo wa kanda, saa ya ukutani, pumzi,
na gitaa nyuma ya vyote, limechuchumaa.

Kampuni ikatuandikia: wimbo wa mwisho hausikiki,
je, kuna hitilafu mtamboni?
Ilpo akajibu kwa kalamu ya risasi, juu ya barua ileile:
Hakuna. Punguzeni ninyi.