Safu ya Tatu

Sura ya nne imekwama tangu Shaabani.
Nimeiandika mara sita, hapa Kipangani, Wete,
juu ya meza ya cherehani ya marehemu bibi,
mguu mmoja nimeukingia kifuu isiyumbe.

Swali langu la uzamivu ni jepesi kulitamka:
nchi zimetia saini, mahakama ya jumuiya imehukumu,
nchi iliyoshindwa imesema ahsante, tumesikia,
ikaifungia hukumu kabatini.
Nani atakwenda kuigongea mlango?

Msimamizi wangu kaandika pembeni, wino mwekundu:
"Sheria ni msumeno, sawa. Mpini kaushika nani?"
Nikamjibu kwa kurasa kumi na tisa.
Akanijibu kwa alama ya kuuliza.

Nina jedwali. Safu ya kwanza, hukumu.
Ya pili, tarehe. Ya tatu, imetekelezwa?
Safu ya tatu ni nyeupe kama ukuta
uliopakwa chokaa kwa ajili ya mgeni
ambaye hakuja.

Jumapili pampu ikafa.
Ni pampu ya nyumba kumi na moja, na ina mkataba,
kurasa mbili zilizopigwa taipu ofisini kwa sheha;
kila nyumba ilitia saini, Bi Chumu akatia dole gumba:
elfu tatu kwa mwezi, za umeme na matengenezo,
na asiyelipa miezi mitatu, mfereji wake ufungwe.

Nikachukua kalamu, nikaenda kitafiti.
Nikamwomba Mize, mshika fedha, anioneshe daftari.
Nilitaka mfano mdogo wa jambo kubwa,
tanbihi ya kupendeza, basi.

Mize akalikumbatia. "Una hakika, mwanangu?"
Kisha akafungua.

Nyumba ya Faki, imelipa.
Nyumba ya Bi Chumu, imelipa, na pembeni: *kwa mayai*.
Nyumba ya Shaame fundi baiskeli, nusu, halafu nusu.
Nyumba ya nane, miezi kumi na minne,
mstari mtupu.

Nyumba ya nane ni yetu.

Mganga hajigangi, nikasema, nikacheka.
Mize hakucheka.

Kaka Khatib akisema atalipa.
Mama akidhani Khatib ameshalipa.
Na mimi nikidhani mambo ya pampu hayanihusu,
mimi nina mambo ya nchi.
Utetezi huu naujua. Nimeunukuu kwa serikali tatu:
wizara ya huku ilidhani wizara ya kule.

"Mbona hamkutufungia mfereji?
Ibara ya nne iko wazi."

"Tulikaa kikao. Shaame akaja na spana yake.
Alipofika ukutani kwenu akamsikia mamako anakohoa,
akarudi nayo."
Akafuta vumbi lisilokuwepo juu ya jalada.
"Lakini wewe, msomi, hujaona?
Tangu Mfunguo Mosi, kuna mtoto gani
aliyetumwa kwenu kuomba chumvi?"

Sikuwa nimeona.
Nilidhani wanatupisha kwa heshima,
kwamba ndani kuna mtu anasoma.

Nikahesabu elfu arobaini na mbili
kutoka kwenye fedha za kwenda maktaba.
Mize akazihesabu mara mbili, akaandika tarehe,
akanipa risiti ambayo sikuiomba.
Alasiri Shaame akaifungua pampu, akaifunga,
ikakohoa matope, kisha ikatoa maji.
Hakunitazama. Alinisalimu, lakini hakunitazama.

Usiku nimerudi kwenye jedwali.
Nimechora safu ya nne, nikakaa na rula mkononi.
Kichwa chake niandike nini?
*Nani ameacha kumwomba chumvi?*
Msimamizi atauliza chanzo,
na chanzo ni mwanamke mwenye daftari la shule
lenye picha ya twiga kwenye jalada.

Nimeliacha tupu kwanza.
Nimelijaza kopo la chumvi mpaka ukingoni,
nimeliweka karibu na mlango,
na mlango sijaukomea.