Mkaguzi Yuko Kulia

Saa tatu asubuhi, Kajaani, na bado giza.
Theluji imeziba nusu ya dirisha la darasa,
na mbele yangu dirisha jingine
limekatwa vidirisha kama trei ya kantini:
hapa viazi, pale mchuzi, visigusane.

Miaka thelathini na moja nilikaa chumba cha kudhibiti
mashine ya karatasi namba tatu.
Taa mia mbili na kumi, nilizijua kwa harufu.
Kisha kiwanda kikafungwa, tukapewa keki na cheti,
na ofisi ya ajira ikaniandikia: kozi, miezi sita,
utengenezaji wa michezo ya kompyuta.
Mimi, Taisto Heikura, niliyezoea karata tu.

Pihla, mwalimu, ana miaka ishirini na minne
na soksi mbili zisizofanana.
"Kushoto ni orodha ya vyote vilivyomo.
Katikati jukwaa. Chini ghala.
Mkaguzi yuko kulia."
Nami karibu kulia.

Kiwandani mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka,
akanywa kahawa, akaondoka.
Huyu haondoki. Gusa jiwe, anakusomea jiwe:
limesimama wapi, limeinama nyuzi ngapi,
linatupa kivuli au halitupi.
Gusa mti, jiwe keshalisahau.
Usipogusa kitu hana la kusema.

Siku ya kwanza nilizungusha gurudumu la kipanya
kidogo tu, dunia ikanikimbia.
Nyumba niliyoijenga ikawa punje, ikawa nukta, ikawa hakuna.
Kijivu juu, kijivu chini,
na mistari ya miraba inayokwenda isikofika.
Niliwahi kupotea hivyo, juu ya barafu ya ziwa Oulujärvi,
ukungu umeshuka, baba simwoni, nina miaka tisa.
Tulifunzwa: ukipotea, usitembee.
Basi nikatulia, mikono juu ya meza.
Pihla alipita nyuma yangu. Hakucheka.
"Chagua jina lake orodhani. Sasa bonyeza F."
Nyumba ikarudi mbio, ikanijaa usoni,
na mlango wake nilioupachika kichwa chini.

Herufi moja.
Kwenye barafu nilipiga makelele saa nzima.

Mshale mwekundu, wa kijani, wa buluu:
vuta mmoja, mingine itulie.
Kiti ukikidondosha juu ya jina la chumba
kinakuwa mwana wa chumba;
chumba kikihama, kiti kinahama bila kuulizwa.
(Jioni ile nilimpigia simu binti yangu, Turku.
Tuliongea habari za matairi.)

Na pembetatu ile ya juu:
ukiibonyeza, dunia inaanza kupumua.
Jumanne niliibonyeza nikasahau.
Saa mbili nilipanda misonobari kandokando ya mto,
kila mmoja nikiupa mwinamo wake,
maana hakuna msonobari unaosimama kama askari.
Arobaini na sita. Nikabonyeza tena, kusimamisha.
Mto mtupu.

"Ukiwa ndani ya mchezo," Pihla akasema polepole,
"unachopanda hakihifadhiwi."

Sikujibu. Nilikwenda kumwaga kahawa iliyopoa.
Niliporudi niliuliza kama skrini inaweza kubadilika rangi
ili mtu ajue yuko ndani.
Inaweza. Nimeiweka ya chungwa,
ile ile ya taa ya hatari, mashine namba tatu.

Leo nimefika msonobari wa kumi na tisa.
Kijivu, kijivu salama.
Meza ya pili Pihla amekwama kwenye kazi ya mwanafunzi:
ukumbi wote giza, na taa haijulikani ilipo.
"Taisto, hebu njoo."
Nikavuta kiti. Nikashuka na orodha taratibu,
mstari wa tatu kutoka chini, jina limefifia,
limezimwa tu.

"Umejuaje?"
Nikamwambia: kwa harufu.