Mchochea Moto wa Mtaa wa Njegere

Saa tisa usiku, Tartu, mwezi wa pili.
Nje baridi imeshuka nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Humu ndani giza, ila kwenye skrini
seli moja ya neva, ya panya,
imetandaza mkia mwembamba kuliko uzi wa buibui.
Nimeiazimia kimeng'enya cha kimulimuli:
penye nishati kinang'aa.
Naitwa Leelo. Naipiga umeme,
midundo hamsini kwa sekunde, naacha,
nahesabu mwanga.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Seli hii haikuwasikia.
Haina ghala, haina gunia la kesho.
Ilicho nacho ni cha kula sasa hivi,
na neno moja tu kwa jirani lina gharama:
vifuko vya ujumbe hupasukia ukingoni,
huokotwa, hushonwa, hujazwa upya,
na kila mshono una bei yake.

Nani basi huyaambia matanuri,
zile mitokondria zilizojibanza vifundoni mwa mkia,
kwamba mazungumzo yameanza?

Baba yangu, Hillar, alichochea moto
chini ya shule ya mtaa wetu, Mtaa wa Njegere,
nyuma ya Mtaa wa Maharage.
Alilisha tanuri matofali ya mboji kavu,
kucha zake nyeusi hata Krismasi.
Kengele ya mapumziko ilipolia, watoto walichomoka,
milango ikaachama,
baridi ikaingia kama mdai asiyebisha hodi.
Kengele hiyohiyo, kwa waya uliotoboa sakafu,
ililia na kwake.
Hakungoja kipimajoto kishuke.
Koleo la kwanza lilizama motoni
kabla mtoto wa mwisho hajafunga zipu ya koti.

Ndivyo ilivyo kalsiamu.
Huingia na mdundo, hupasua vifuko, neno hutoka;
na hiyohiyo, haijapumua,
hupenya mlango wa tanuri na kusema: chochea.

Mlangoni pale yupo bawabu, protini ndogo.
Kwingi mwilini milango ya namna hii hungoja kelele.
Mkiani huku, kwa ajili yake,
hufunguka kwa mnong'ono.

Usiku huu nimemziba masikio.
Nimeinyamazisha jeni yake, nikaandika daftarini:
seli ya arobaini na moja.
Ikitulia, huoni kasoro.
Mdundo wa kwanza, inasema vizuri.
Wa kumi, vizuri.
Halafu mng'ao unafifia,
vifuko vinakwama ukingoni bila kushonwa,
kama shuka zilizoganda kambani.
Matanuri ni mazima.
Chakula chake kipo.
Hakuna aliyeyaambia.

Nilikuwa na miaka kumi na moja
mabomba ya shule yalipopasuka.
Darasa la Bi Urve likawa kioo cha barafu,
ramani ya dunia ikaning'inia na ndevu nyeupe.
Walisema Hillar alilala. Walisema chupa.
Mfagiaji wa korido alimnusa mdomo mbele ya watu,
mkuu wa shule akauliza, akauliza tena,
naye baba akatazama mikono yake
tukadhani ni aibu.

Hakuwa amesikia swali.
Wala kengele, tangu vuli ile.
Mboji ilikuwepo, imepangwa hadi dari.

Alfajiri narudi nyumbani na theluji mabegani.
Amechuchumaa mbele ya jiko la vigae,
kiganja kimebanwa ukutani mwake
kama anayepima homa ya mtoto.
Nakanyaga ubao mara mbili;
sakafu inampelekea habari.
"Umechelewa," anasema, kwa sauti kubwa mno,
na gogo la betula limeshaingia ndani
kabla sijavua kiatu cha pili.