Ukurasa Mmoja

Afisa wa ajira, kijana Radek, mwenye kucha safi,
kaniambia: "Bibi Wiesława, miaka kumi inatosha.
Nyuma ya hapo ni makumbusho."
Akanipa wasifu wa mfano
wa mtu asiyekuwepo,
mwenye kazi tatu na picha iliyojaa meno.

Sasa ni saa nne usiku, jikoni, hapa Łódź.
Theluji ya Machi inageuka tope barabarani.
Nina kalamu nyekundu ya mjukuu wangu
na maisha ya kupunguza.

Kiwanda cha nguo: miaka kumi na tatu,
zamu ya usiku, mashine kumi na mbili peke yangu.
Tulisemezana kwa midomo, bila sauti,
maana mitambo ilikula kila neno.
Hadi leo ndani ya tramu nawasoma watu midomo,
najua ni mke gani anahesabu siku.
Je, hili huandikwa chini ya "ujuzi"?
Sikio langu la kushoto lilibaki kule kule,
halikulipwa kiinua mgongo.
Radek kasema futa, tarehe zitakutaja umri.
Nimefuta.
Mstari umetoka umepinda.

Kibanda cha soksi sokoni, miaka saba.
Vidole vilikufa ganzi Januari, tukavipasha juu ya mshumaa
uliofichwa ndani ya mkebe wa samaki.
Futa.

Stroberi Ujerumani, misimu mitatu.
Nilijifunza lugha nikiwa nimeinama:
haraka, iliyooza, kesho, kikapu kingine.
Nilitaka kuandika "Kijerumani, cha shambani."
Nimeandika "Kijerumani, cha wastani,"
na uongo huo mdogo umenikalia kooni kama mwiba wa samaki.

Halafu hapa, akasema Radek,
akigonga karatasi kwa ukucha ule,
hapa kuna pengo.

Pengo!
Pengo ni pale jino lilipong'oka.
Miaka ile sita mama yangu alijaa kitanda kizima.
Nilimgeuza kila baada ya saa mbili, mgongo usife,
nikamlisha uji wa shayiri kwa kijiko cha chai,
nikajifunza kulala kama paka, jicho moja wazi.
Aliniita Halinka, jina la dada yake,
nikaitika.
Ni cheo gani hicho?
Mwajiri ni nani, na nani atapigiwa simu kuthibitisha?

Nimeandika: "Majukumu ya kifamilia."
Nimefuta.
Nimeandika tena.

Kimebaki kilichobaki: supamaketi, miaka tisa,
keshia, kisha keshia mwandamizi,
maana yake kwamba funguo za choo nilizishika mimi.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, husemwa,
nami hapa najitembeza kwa herufi ndogo
mbele ya kliniki ya macho inayotaka mtu wa mapokezi,
"mchangamfu, mwenye nguvu, katika timu changa."

Mchangamfu naweza, hadi saa nane mchana.

Nimemaliza. Nimeuhesabu mara mbili.
Ukurasa mmoja waliutaka, nami nimekata mno:
chini kumebaki nafasi ya vidole vinne, nyeupe tupu.
Nimefikiria kuisogeza mistari ipanuke,
mwanangu alinionyesha namna.
Nimeiacha.

Nusu saa imepita, kisha nimerudi,
nikaandika pale chini kabisa,
bila tarehe, bila jina la kampuni:
*Husikia vibaya upande wa kushoto. Huona kila kitu.*

Radek ataifuta asubuhi.
Au hataisoma, ataitia tu kwenye mashine.
Mjukuu ameamka, amesimama mlangoni miguu mitupu,
anadai kalamu yake.
Imebaki kipande kama cha kucha.
"Ulikuwa unachora nini?" ameuliza.
Karatasi ya kwanza, ile yenye mistari myekundu,
nimeigeuza,
nikampa upande wa nyuma.