Mguu wa Kushoto

Walinifunga mfuko wa mchanga kifundoni, kilo mbili na nusu.
Nikacheka.
Mimi Torkild, niliyebeba mabamba ya chuma pale Aalborg
meli zikiwa bado mbavu tupu!
Ukiona vyaelea, vimeundwa,
na mmoja wa waliounda ndiye huyu
aliyekalishwa kitini na kupewa uzito wa paka mwenye njaa.

"Polepole," akasema Solvej, mtafiti, kalamu sikioni.
"Inua kwa hesabu ya tatu, shusha kwa hesabu ya tatu,
hadi paja likatae lenyewe."

Ya kumi, bado nacheka.
Ya ishirini, nimenyamaza.
Ya thelathini na moja, paja lawaka kama ncha ya kuchomelea
na yule paka amekuwa ng'ombe,
ng'ombe mwenye mimba.

Kumbe si ukubwa wa mzigo unaouamsha msuli mzee.
Ni kuufikia mlango uliofungwa,
kubisha, kuambiwa hakuna mtu,
na kubisha tena.

Mguu wa kulia ndio wa mazoezi.
Wa kushoto ni wa kulinganishia:
usiuguse, uache uzeeke upendavyo.
Nikatia sahihi.
Nikapewa na pakiti za unga, themanini na nne,
hazina jina, zina namba.
Labda ni protini ya maziwa,
labda ni sukari iliyojipaka vanila;
Solvej mwenyewe hajui.
Koroga, kunywa, usiulize.

Wiki ya nne suruali ikabana upande mmoja.
Nikapanda ngazi za maktaba kama mtu na nduguye mgonjwa:
huyu anatangulia, yule anaburutwa.
Usiku nikaushika wa kushoto chini ya blanketi.
Laini. Mpole. Haukuuliza umekosa nini.

Inger-Lise naye walimkatalia palepale mapokezi,
kwa sababu ya kile kibetri kilichoshonwa chini ya ngozi yake.
Daktari wake wa moyo amwambia, inua vitu vyepesi, mama, usijifiche;
utafiti wamwambia, pole, si wewe.
Kila jioni huinuka kwenye sofa kwa awamu tatu:
mkono mezani,
mkono begani kwangu,
halafu neno ambalo sitaliandika hapa.

Basi.
Baada ya taarifa ya habari, mapazia yamefungwa,
theluji inasugua kioo,
tukawa wezi wawili jikoni.
Mfuko wangu niliufunga kushoto.
Wake ulikuwa soksi yangu ya sufu iliyojaa njegere kavu,
robo tatu ya kilo kwa mizani ya keki.
Yeye alihesabu kwa sauti, akiruka kumi na saba
kwa sababu, asema, haijawahi kumletea heri.
Na ile pakiti ya siri tukaigawa kwenye glasi mbili.
"Kama ni sukari?" akauliza.
"Basi tumekula sukari."

Wiki ya kumi na mbili wakapiga picha mapaja yangu.
Miduara miwili ya kijivu, kama gogo lililokatwa msumeno.
Solvej akapima kulia.
Akapima kushoto.
Akaitoa kalamu sikioni, akairudisha.
"Ajabu," akasema. "Imelingana."

Nami sikuwa namtazama yeye.
Nyuma ya kioo, kwenye korido,
Inger-Lise alikuwa kwenye kile kiti cha plastiki,
kifupi, kisicho na mikono.
Akaliona basi letu likiingia.
Akasimama.
Mara moja tu, mikono ikiwa mfukoni mwa koti,
bila meza, bila bega,
bila lile neno.

"Torkild," Solvej akasema taratibu, "kuna la kuniambia?"

"Andika kwamba nilidanganya."

Akainamia karatasi.
"Mguu mmoja tu?"

"Mitatu," nikasema.